Chumvi Kwanza, Maswali Baadaye

Marehemu mume wangu alikuwa na sheria moja katika kiwanda chetu cha ngozi, na aliifundisha kwa makofi: chumvi kwanza, maswali baadaye. Ngozi ikishatoka mwilini haimngoji mtu. Haijali kama umefiwa, kama mvua inanyesha, kama tumbo linakusokota. Ukiichelewesha, asubuhi inaanza kunuka, na jioni nywele zinanyofoka zenyewe kama manyoya ya kuku aliyetoswa maji ya moto. Kwa hiyo ngozi ikiletwa, hata aliyeileta awe adui yako, unaipara nyama, unaipaka chumvi mpaka pembeni, unaikunja nyama kwa nyama, ndipo unamuuliza mgeni habari za kwake.

Mwanangu wa pekee aliishika sheria hiyo kuliko kitu chochote alichofundishwa darasani. Alianza kupara angali mdogo, kisu kikiwa kirefu kuliko mkono wake. Yeye ni wa shoto, na kisu chake kina tabia ya kukimbilia upande mmoja, kinaacha michirizi iliyolala kama majani yaliyopitiwa na upepo. Mtu wa kazi akiigeuza ngozi na kuiona michirizi ile husema, hii ya Fundi. Ndivyo wote walivyomwita, Fundi, isipokuwa mimi niliyemzaa, na binti yake aliyemwita Baba.

Binti yake ndiye Singa. Mama wa mtoto alikwenda zake mapema. Alisema harufu ya ngozi imemfuata mpaka ndotoni. Alituachia mtoto, na mtoto akatuachia nywele za kuhangaika nazo. Zilikuwa za singa, ndiyo asili ya jina lake, ndefu, laini, nzito, ukizifungua mtoto anazikalia. Nyuma ya sikio la kushoto palikuwa na shungi moja jeupe kama pamba, alilorithi kwa mama yake. Vidole vyangu vilishaliwa na chokaa, havikunjiki, kwa hiyo aliyemsuka ni baba yake. Alikuwa akimkalisha katikati ya magoti, kitana mdomoni, anagawa mistari kwa kidole kama anapima mkanda wa kiatu. Watu wakimcheka, "Fundi, siku hizi msusi?" anawajibu, "Ngozi ni ngozi. Iliyo hai ndiyo yenye kusumbua."

Alipokuwa mtu mzima Singa akawa mpangaji wetu, yaani ndiye mwenye kusema hii daraja la kwanza, hii la pili, hii tupa. Macho hakuyahitaji. Alikuwa anageuza ngozi, anapitisha kidole gumba, ananusa, halafu anakuambia imechunwa na nani na ilitiwa chumvi ikiwa mbichi au ililala kwanza. Mimi na yeye tulikuwa wake wenza kwa utani.

"Mke mwenza," ananiuliza, "hivi mume wetu alikuwa anakupiga?"

"Mimi alinipiga. Wewe angekubeba mgongoni, kwa hayo manywele yako."

"Ndiyo maana alikufa mapema, aliona hanipati."

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. Pipa kubwa la mbao, lile la kuzungushia ngozi kwenye dawa, lilikuwa linakwenda. Mkanda wake ulikuwa wazi; kifuniko kilitolewa ili magurudumu yatiwe grisi, na kila mtu alidhani mwenzake atakirudisha. Singa alikuwa ameosha nywele asubuhi, akazifunga kitambaa kwa kulegeza zipate kukauka. Aliinama kuokota kisu. Kitambaa kilitangulia, mkia wa nywele ukafuata.

Ukelele sikuusikia. Nilisikia mkanda ukiteleza, mlio kama wa kiatu kipya kwenye sakafu iliyolowa, nikageuka nikamwona mjukuu wangu amesimama wima ananitazama, na kichwa chake ni cheupe. Damu ilikuja baadaye. Kwanza kilikuwa cheupe, kutoka kwenye nyusi mpaka kisogoni, kama yai lililomenywa.

"Bibi," akasema, "mbona baridi?"

Ndipo akaanguka.

Nilimfunga kichwa kwa shuka, tukampakia kwenye gari la kubebea ngozi. Mwanangu alikimbia na gari kidogo, akashika ubavu wake, kisha akauachia. "Nendeni!" akapiga kelele. "Mimi naitoa!" Nilimwelewa. Alikuwa anarudi kuitoa ngozi ya mwanawe kwenye mkanda. Nikasema moyoni, afadhali, kuna mtu mwenye akili kati yetu.

Hospitalini tulipokewa na daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya mtu asiyerudia neno. Alifunua shuka, akatazama, akafunika.

"Ngozi yake iko wapi?"

"Baba yake anaileta."

"Nzima, au vipande?"

"Nzima, daktari. Ilitoka kama kofia."

Hapo uso wake ulibadilika, ukapata uhai. Akamwita muuguzi. "Mpigie baba. Aifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, aitie mfukoni, mfuko aweke juu ya barafu. Asiioshe, asiichokoe. Akiwahi, nitaishona irudi mahali pake. Mishipa yake ni myembamba kuliko uzi, lakini nitaishona."

"Na nywele zitaota?" nikauliza.

"Ikishika, kwa nini zisiote?"

Muuguzi akapiga simu. Sauti ya mwanangu ilitoka kubwa, kila mtu aliisikia. "Dada, ondoa shaka! Nimeshaitunza! Haiozi hii! Niko njiani!" Muuguzi akacheka kwa furaha. Wakamkimbiza Singa kwenye chumba cha upasuaji, taa zikawashwa, nikaona kupitia mlango wakipanga vyombo vidogo vidogo kama vya kutengenezea saa.

Akaja. Alikuwa amekumbatia ndoo yenye mfuniko, ameipakata kama mtoto mchanga, na mikono yake ilikuwa myeupe mpaka kwenye viwiko. Mimi nilipoona weupe ule, nilijua ni chumvi. Daktari hakujua. Aliipokea ndoo mwenyewe, akafungua.

Ilikuwa kazi safi. Hata leo siwezi kusema vinginevyo. Upande wa ndani ulikuwa umeparwa nyama yote, hakuna hata utando, chumvi imepakwa mpaka kwenye kingo, imekunjwa nyama kwa nyama, nywele zimesukwa zisitatizike. Maji yalikuwa yameshaanza kuitoka na kukaa chini ya ndoo.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi, daktari." Alikuwa anahema, anatabasamu kama mwanafunzi aliyemaliza hesabu kabla ya wenzake. "Sikuichelewesha. Hata ukiiacha mwaka mzima, utaikuta hivi hivi."

Daktari aliigusa kwa kidole kimoja. "Hapa ulipopara," akasema, "ndipo mishipa ilipokuwa. Na ile iliyobaki umeikausha kwa chumvi."

"Basi iloweke. Ngozi ya chumvi ukiiloweka inarudi."

"Inarudi kuwa nini?"

Mwanangu akafikiri. "Laini."

"Mzee," daktari akamwambia, na mwanangu hakuwa mzee, "mimi nilikuwa nasubiri kichwa cha mwanao. Wewe umenitengenezea kiatu." Akarudisha mfuniko. Akamgeukia muuguzi. "Mpeni mzigo wake. Tunafunga mfupa."

Mlango ukafungwa. Tulikaa kwenye benchi, ndoo katikati yetu. Wapita njia walitazama nywele zilizochungulia pembeni mwa mfuniko wakadhani ni wigi.

"Mama," akasema baadaye, "asijue."

"Asijue nini?"

"Kwamba ingeshonwa. Tumwambie ilisagika kwenye mkanda."

"Mimi kinywa changu hakitasema ilisagika."

"Basi usiseme kitu. Nakuomba. Mama yake alinikimbia kwa harufu tu. Huyu akijua hili, nitabaki na nani?"

Nikamwambia sitasema kitu. Lakini nikamwambia pia: akikuuliza wewe, jibu ni lako. Akaitikia kwa kichwa, akakumbatia ndoo yake, akaondoka nayo. Alikuwa na mtoto mmoja duniani, na tangu siku ile kazi yake yote ikawa ni kumzuia mtoto huyo asijue. Mimi nikabaki na kazi ya kulowesha kichwa.

Maana mfupa wa kichwa ukikaa wazi unakauka, ukikauka unakufa, ukifa unaoza, na nyuma yake hakuna mlango mwingine, kuna ubongo. Ndivyo daktari alivyonieleza. Basi vitambaa vya dawa vilikaa juu ya mfupa ule na ilinipasa kuvilowesha kila vilipoanza kukauka. Nilishafanya kazi ya kungoja ngozi ziive, najua kukaa. Wauguzi walizoea kuniona na bakuli langu, wakaacha kuniambia niende nyumbani.

Singa alipopata fahamu sawasawa, neno lake la kwanza lilikuwa, "Iko wapi?"

"Muulize baba yako, ndiye aliyebaki kwenye mashine."

Akamuuliza, baba alipokuja na chupa ya chai. "Baba, uliiona ngozi yangu?"

"Ilisagika, mwanangu." Alisema akimimina chai, akaijaza mpaka ikamwagikia sahani. "Mkanda uliila. Nilitoa matambara tu."

"Na nywele?"

"Nazo."

Singa akafumba macho. Hakulia, alisema machozi yakishuka yanawasha kwenye kidonda. Kutoka siku ile baba yake akija Singa anamshika mkono, anamwambia, "Angalau ninaye baba yangu wa kunishika," na mwanangu alikuwa akitoka pale anatapika nyuma ya jengo la kufulia. Nilimwona. Sikumfuata.

Daktari alisema mfupa mtupu haushiki ngozi, ni kama kupanda mbegu kwenye sakafu. Lazima kwanza uote nyama. Wakampeleka ndani, wakamtoboa fuvu kwa keekee, vitundu vingi, si mpaka ndani kabisa bali mpaka pale mfupa unapovuja damu. Alipotoka kichwa kilikuwa kama chungio. Tukangoja. Baadaye kila kitundu kikachungulia kijinyama chekundu, kama punje ya komamanga, vikawa vinaongezeka, vinatafutana, vinashikana. Nilikuwa navihesabu moyoni kama mtu anayepita shambani kwake.

Kitanda cha pili alikuwepo mwanamke aliyevunjika mguu, tuliyempa jina la Redio kwa sababu hazimiki. Huyo kila kitu alikitangaza.

"Singa!" anaanza asubuhi. "Hivi nani alikupa jina hilo? Sasa itabidi wakuite nani? Parachichi?"

"Waniite Mbuzi," Singa anamjibu. "Nimeshachunwa, bado kukatwa mapaja."

Na kweli mapaja yalifuata, maana ngozi ya kuvika kichwa ilikuwa itolewe huko. Tulicheka. Mtu akikuona unacheka kwenye wodi ile anadhani huna moyo, lakini pale asiyecheka alikuwa anapiga mayowe.

Ni huyohuyo Redio aliyetuletea habari za seremala. "Mmesikia? Wodi ya wanaume! Msumeno umemkata kidole, kimeanguka kwenye unga wa mbao, mkewe kakitia kwenye mfuko wa barafu, kaja nacho kama samaki. Daktari wenu huyu huyu kakishona. Leo kimepinda chenyewe! Nimekwenda kwa magongo kukiona!"

Singa akavitazama vidole vyake. Kisha akasema, "Bibi."

"Naam."

"Ingekuwa haikusagika, yangu ingeshonwa?"

Mimi nilikuwa nalowesha. Nikaendelea kulowesha. "Muulize baba yako," nikasema.

"Baba ni daktari?"

Nikachovya kitambaa bakulini. Alinitazama kwa yale macho yasiyokuwa na nyusi, maana nyusi nazo zilikwenda, na mtu asiye na nyusi huwezi kujua anafikiri nini. Hakuniuliza tena.

Kabla ya siku ya kupandikiza nilikwenda nyumbani kuchukua khanga safi. Nilimkuta mwanangu nyuma ya ghala, amekaa kwenye kigoda chetu cha kupara, na magotini ameitandika. Alikuwa ameiloweka, ameiosha chumvi, ameiivisha kwa maji ya magome, na sasa anailainisha kwa mafuta kwa kidole gumba, polepole, kuanzia utosini kwenda pembeni. Kitana kilikuwa mdomoni. Nywele zimetandazwa juu ya meza, zinang'aa.

"Hakuna hata unywele mmoja uliotoka, Mama," akasema bila kuinua uso.

"Izike."

"Daktari amesema kichwa hakitaota nywele. Atataka wigi. Kuna wigi gani duniani itakayomkaa kama hii?"

"Izike, mwanangu. Au ichome."

"Nimchome Singa?"

"Singa yuko hospitali, anatobolewa mifupa. Hiyo ni ngozi."

"Nitaitia kitambaa laini kwa ndani. Nitamwambia nimeitafuta mjini." Nikaona kikopo cha rangi nyeusi ya viatu kando yake, na brashi. Alikuwa ameshalipaka shungi jeupe. Halikuwa jeupe tena. "Hatajua," akasema.

Nilisimama pale na khanga zangu. Nilikuwa na la kusema, nililiona kabisa ulimini: kwamba amemsahau mwanawe ni nani. Mtu anayejua ngozi ya mbuzi kwa kunusa, atashindwa kuijua ya kwake? Lakini niliona jinsi kidole kile kilivyokuwa kinazunguka, taratibu, kama zamani alipokuwa anamtafutia mistari, na neno likarudi tumboni. Nikaondoka.

Wakampandikiza. Walichukua ngozi ya mapaja kwa kisu kipana, nyembamba kama ganda la kitunguu, wakaitoboa matundu ili itanuke, wakaitandaza juu ya nyama ile nyekundu, wakaishona pembeni. Singa alinieleza mwenyewe, maana alimtaka daktari amwonyeshe kisu. "Wanachukua unene mmoja tu, Bibi. Yule mama angekuja kwetu, ningempa kazi." Sehemu ya utosini ilioza ikabidi irudiwe, akachunwa mara ya pili kwenye paja lile lile kabla halijapona sawasawa. Usiku ule wauguzi walimfunga mikono kwenye kitanda asijikune. Mimi nilimpulizia mapaja.

Ikashika. Daktari alipofunua mara ya mwisho, alisimama nyuma akakunja mikono. "Nzuri," akasema. Singa akaomba kioo. Hakikuwepo, akapewa bakuli la chuma la kutupia vitambaa, akajiangalia kwenye tako lake. Kichwa kilikuwa kinang'aa, chekundu hapa, cheupe pale, kimechorwa vimraba kama wavu wa kuchujia, kimekazwa mpaka macho yamevutika kidogo juu.

"Daraja la tatu," akasema.

"Nywele hazitaota," daktari akamwambia. "Hapo hakuna mzizi hata mmoja. Usikipige jua, usikigonge, usikikune. Utavaa kitambaa au wigi. Kuna wanaolia sana. Lia ukifika nyumbani, hapa kuna wagonjwa."

Siku ya kuruhusiwa mwanangu alikuja amevaa shati jeupe, amenyoa ndevu, na mkononi ana kisanduku cha viatu kilichofungwa utepe. Redio alipaza sauti: "Baba Singa! Posa hiyo?" Akacheka. Alikuwa anacheka kwa meno yote, nami nilijua kicheko kile. Ni kile alichokuja nacho na ndoo.

"Nimekutafutia kitu, mwanangu," akasema. "Nilizunguka mji mzima. Wigi ya nywele za watu, si plastiki."

Singa alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Akafungua utepe, akautoa, akauweka pembeni. Akaziinua nywele. Zilishuka mpaka magotini mwake na Redio akasema, "Yarabi!" Singa akazipima uzito kwa kiganja. Alizipitisha kwenye vidole kidogo. Kisha akafanya jambo ambalo mtu mwingine yeyote asingelifanya, lakini yeye lilikuwa mkononi mwake tangu utoto: akaigeuza.

Kwa ndani kulikuwa na kitambaa laini kimeshonwa kwa mkono. Akaingiza ukucha kwenye mshono, akakata nyuzi chache, akakibandua. Akapitisha kidole gumba. Akakirudisha, akakipitisha tena kwa upande wa pili, taratibu. Mwanangu bado alikuwa anacheka, ila macho yake yalikuwa yameshaacha.

Singa akanusa.

"Hii ilitiwa chumvi mbichi," akasema. Alikuwa anasema kama anavyosema kiwandani, kama anamwandikisha mtu. "Haikulala hata kidogo. Chumvi ilikuta ngozi bado ina joto."

Akazifuata kingo kwa gumba, pande zote.

"Haikusagika popote. Kingo zote zipo. Iliparwa na mtu wa shoto." Akalipeleka gumba kwenye michirizi. "Inakimbilia huku."

Akatafuta mahali nyuma ya sikio, akatia mate kidoleni, akasugua. Kidole kikatoka cheusi. Chini yake shungi likaanza kuwa jeupe.

"Barafu ilikuwa wapi?" akauliza.

"Mwanangu..."

"Duka la soda liko mlangoni kwetu. Barafu ilikuwa pale. Chumvi ulikwenda kuichukua ghalani, na ghala liko mbali zaidi."

"Sikuwaza, Singa. Mikono ilijiendea yenyewe. Nilikuwa naiokoa. Haki ya Mungu nilikuwa naiokoa."

"Na bibi alikuwa anajua."

"Nilikuwa najua," nikasema.

Redio, kwa mara ya kwanza tangu avunjike mguu, alikuwa kimya.

Singa akakirudisha kitambaa cha ndani, akakilaza vizuri, akaishika ile ngozi kwa mikono miwili na kuivaa. Mwanangu aliziba uso. Ilimkaa. Ilimkaa mahali pake pote, kwenye paji, kwenye masikio, kisogoni, kama haikuwahi kutoka. Chini yake uso wake mpya usio na nyusi ulikuwa kama wa mtu aliyeazima kichwa.

"Kazi nzuri, Fundi," akasema.

Mwanangu akaondoa mikono usoni. Nadhani alitarajia matusi. Matusi angeyapokea kwa mikono miwili, angeyala kama chakula. "Niite Baba," akasema. "Nitukane, nipige, lakini..."

"Twende, Bibi. Fundi atabeba mabegi."

Tulirudi nyumbani. Nilidhani ni hasira, itapoa, kama hasira zote zinavyopoa zikikosa kuni. Haikupoa kwa sababu haikuwa moto. Singa alirudi kazini kwake, akakaa kwenye meza yake ya kupangia, akapitisha gumba kwenye ngozi za watu. Akazungumza na kila mtu, akatania kila mtu, hata baba yake akamtania, lakini kama unavyomtania fundi wa kukodiwa. "Fundi, chai yako hiyo." "Fundi, leo mvua." Wateja hawakuona tofauti, kwani wao ndivyo walivyomwita siku zote. Aliyeona ni mmoja, na mimi.

Wigi za dukani alikataa. Vilemba nilivyomshonea alivikunja kabatini. Anavaa ile ile, shungi jeupe ameliosha likarudi jeupe, na huisuka mwenyewe mbele ya kioo akiwa ameivalisha kwenye chungu kilichofudikizwa. Jioni anaivua, kichwa chake kinapumua, na anaitundika kwenye msumari wa ukutani pale pale sebuleni, mkabala na kiti cha baba yake. Mwanangu alijaribu kuhamisha kiti. Siku ya pili msumari ukahama.

Na ngozi, kama ijulikanavyo, haikai hivi hivi. Jasho linaikausha, joto linaikunja, kingo zinaanza kujikunja juu. Kila Jumapili asubuhi, saa ile ile aliyokuwa akimsuka alipokuwa mtoto, Singa huichukua msumarini, akaiweka kwenye magoti ya baba yake pamoja na kikopo cha mafuta.

"Fundi," humwambia, "imekauka. Ipake."

Naye huipaka. Huanzia utosini, kwa gumba, polepole, kwenda pembeni, na kitana kiko mdomoni. Singa husimama nyuma yake, kichwa wazi, akimsubiri amalize. Safari moja nilimsikia mwanangu akimuuliza, bila kugeuka, kama anayeuliza habari ya mteja, "Inakubana popote?"

"Hapana," Singa akasema. "Imekaa vizuri. Malizia hapo nyuma ya sikio, Fundi, umepasahau."